Viota Nilivihesabu, Kasa Nikawakosa

Miaka sita ya mwanzo ya utafiti wangu niliimaliza nikitembea ufukweni. Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha ikolojia katika chuo kikuu kimoja hapa pwani, na kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Amu, yaani Lamu, kaskazini mwa pwani ya Kenya, sikuona kazi iliyonistahiki zaidi ya kurudi kwetu nikawahesabu kasa wanaopanda kutaga mayai, kuanzia Shela hadi Kiwayu na katika fukwe za bara zilizomo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Kiunga, iliyotengwa mwaka 1979. Tulitoka mara tu baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijaukausha mchanga na upepo haujazifuta njia.

Njia ya kasa hueleza mengi. Kasa mwenyewe, yule mkubwa anayekula majani ya bahari, hujivuta kwa mapezi mawili ya mbele kwa pamoja, kwa hiyo huacha mashimo mawili mawili yanayokabiliana, upana wa njia ukikaribia mita moja, na katikati hupita mstari mwembamba wa mkia. Ng'amba, aina nyingine ya kasa, ni mwepesi zaidi. Yeye hutanguliza pezi moja kisha jingine kama mtoto anayetambaa, na njia yake ni nyembamba yenye alama zinazopishana. Mahali alipotagia, kasa hurusha mchanga huku na huku hata usijue mayai yako wapi. Nilifundishwa kuyatafuta kwa kiganja: unapapasa polepole mpaka ufike pahali ambapo mchanga unabonyea, kisha unachimba kwa vidole, mkono unazama karibu na bega, hadi ncha ya kidole iguse kitu laini chenye unyevu kama ngozi. Yai hilo halina ganda gumu kama la kuku. Ukilibonyeza huingia ndani na kubaki na kishimo. Kiota kimoja huwa na mayai 100 na ushei, na huanguliwa baada ya siku 50 hadi 60 hivi.

Kila kiota tulikiandikia tarehe, aina ya kasa, umbali wake kutoka mstari wa maji ya bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na baadaye idadi ya mayai yaliyoanguliwa na yaliyoharibika. Ilikuwa kazi safi, yenye kumpa mtu utulivu wa moyo, na mwisho wa mwaka nilikuwa na jedwali la kupendeza. Hapo ndipo kosa langu lilipojificha, kwa sababu niliichukulia hesabu ya viota kuwa ndiyo hesabu ya kasa.

Mwaka mmoja viota viliongezeka karibu maradufu. Niliandika katika ripoti kwamba idadi ya kasa inaonyesha dalili za kuongezeka. Ripoti hiyo ilisomwa katika kikao cha kupanga usimamizi wa hifadhi, na kwa sababu ya sentensi ile moja, fedha zilizokuwa zimetajwa kwa ajili ya kazi ya pamoja na wavuvi zilihamishiwa kwenye ulinzi wa viota, kwa hoja kwamba ulinzi wa viota ndio unaoleta matokeo. Mwaka uliofuata viota vilishuka hadi chini ya vile tulivyoanza navyo. Hakuna aliyeniuliza chochote. Fedha zilikuwa zimekwisha kutumika.

Jambo lenyewe nililijua, tena nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi. Kasa jike hatagi kila mwaka. Akishataga msimu mmoja, huweza kukaa miaka miwili, mitatu au minne kabla ya kurudi. Akirudi, hutaga mara kadhaa katika msimu huo huo, mara tatu, nne, hata tano, kila baada ya majuma mawili hivi. Kwa hiyo viota 40 vyaweza kuwa vya majike 8 au 10 tu, na msimu wenye viota vingi waweza kumaanisha tu kwamba majike wengi wamekutana katika zamu moja. Ongeza hapo kwamba kasa huchukua miaka 25 au zaidi kabla ya kutaga kwa mara ya kwanza. Yule niliyemkuta ufukweni akitokwa na machozi mazito ya chumvi alikuwa rika langu, au mkubwa kwangu. Kumhesabu yeye kulinipa habari za bahari ya zamani, bahari iliyomlea alipokuwa mdogo, wala hakukunipa habari yoyote ya bahari ya leo. Huko Tortuguero, Costa Rica, mtafiti wa kasa Archie Carr alianza kuwawekea kasa alama mwaka 1955, na thamani ya kazi ile ni kwamba iliendelezwa na wengine baada yake kwa miongo mingi. Mimi nilitaka kusema neno la uhakika kwa miaka sita.

Kosa la pili lilikuwa dogo kwa idadi, lakini ndilo lililoniuma zaidi. Asubuhi moja tuliletewa habari ya kiota kilichochimbwa chini kabisa ya mstari wa bamvua, mahali ambapo maji yangekifikia. Tuliamua kukihamisha. Mashua ilichelewa, na mayai tuliyatoa jua likiwa limepanda, tukayatia kwenye ndoo yenye mchanga na kuyapitisha katika mawimbi mpaka kwenye eneo tulilolizungushia uzio. Tulidhani tumeyaokoa. Siku 60 zilipita, zikafika 70, na mchanga haukutikisika. Tulipofukua, mayai yalikuwa yamegeuka manjano na kunywea. Katika machache kulikuwa na lile doa jeupe linalojitokeza juu ya yai kiinitete kinapojishikiza kwenye utando wa ndani, ila doa lilikuwa limeelekea ubavuni, na katika mengine limeelekea chini kabisa. Hiyo ndiyo iliyokuwa sababu. Saa chache tu baada ya yai kutagwa, kiinitete huwa kimekwisha kushika. Ukiligeuza yai baada ya hapo, unakiua. Kiota huhamishwa ndani ya saa za mwanzo, usiku huo huo, na kila yai hubebwa kwa upande lilivyolala, au sivyo huachwa pale pale.

Hata eneo lenyewe la uzio lilikuwa na kasoro ambayo sikuifikiria. Jinsia ya kasa huamuliwa na joto la mchanga. Kiwango cha katikati ni kama nyuzi 29 za Selsiasi: mchanga ukiwa baridi zaidi hutoka madume wengi, ukiwa na joto zaidi hutoka majike. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu kasa wa kaskazini ya matumbawe makubwa ya Australia ulikuta kwamba miongoni mwa wachanga, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Sisi tulikuwa tukiyatoa mayai katika kivuli cha vichaka vya ufukweni na kuyafukia katika uwanja mweupe usio na jani. Baadaye tuliweka kivuli cha makuti na kupima joto kila siku, lakini misimu iliyotangulia siwezi kuirudisha, na sijui kama tuliwatoa madume wowote.

Aliyenigeuza fikra ni nahodha mmoja wa Kizingitini, mtu mzima aliyevua tangu utotoni kati ya Pate na Kiwayu. Tulikuwa tumekwama pwani tukisubiri maji yajae, naye ameketi chini ya kivuli cha ukuta akishona jarife, ule wavu wa matundu makubwa unaotegwa kuvulia papa na samaki aina ya taa. Aliniuliza kazi yangu, nami nikamweleza kwa fahari. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, bila kuinua uso kutoka kwenye uzi wake:

"Mwanangu, wewe wawahesabu wanaopanda pwani na mayai. Hao ni watu wazima wao. Na hawa vijana waliomo humu ndani, ambao tangu watoke mchangani hawajakanyaga nchi kavu, umewahesabu?"

"Sijawahesabu, ami."

"Basi mimi ninao."

Alimtuma mjukuu wake nyumbani, akarudi na mfuko wa plastiki wenye daftari za shule, kumi na moja kwa jumla, zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kama wazee wetu wengi wanavyoandika. Zilikuwa hesabu za chombo: mgao wa mwenye chombo, mgao wa mabaharia, bei ya barafu, mafuta ya mashine. Lakini ukingoni mwa kila ukurasa alikuwa ameandika gharama za kushona nyavu, na kila tundu lilikuwa na sababu yake: papa, pomboo, mwamba, kasa. Kasa akinaswa huuviringisha wavu mwilini mwake na kuuchana, na nahodha alitaka kujua kila mwezi hasara imetoka wapi. Wala hakuishia kuandika jina. Aliandika ukubwa, kwa vipimo vya nyumbani: wa sahani, wa sinia, wa mtu mzima. Na mbele ya kila mmoja aliweka neno moja, hai au mfu.

Nilikaa na daftari zile kwa miezi. Kazi ya kwanza ilikuwa tarehe, kwa kuwa alihesabu kwa mwezi mwandamo, Mfunguo Mosi, Mfunguo Pili, hadi Rajabu, Shaabani na Ramadhani, nami nikadhani nitalazimika kugeuza kila tarehe kabla ya kupata faida yoyote. Kumbe tarehe zile zilikuwa na jambo ambalo madaftari yangu hayakuwa nalo. Siku ya mwezi mosi na ya mwezi kumi na tano ni bamvua. Mwezi saba na mwezi ishirini na mbili ni maji mafu, yasiyojaa sana wala kupwa sana. Kila alipoandika siku, alikuwa ameandika na hali ya maji. Mimi nilikuwa nimenunua jedwali za maji kujaa na kupwa na kuziambatisha kwa kompyuta kwenye takwimu zangu, wakati yeye alikuwa nazo ndani ya tarehe yenyewe.

Wengi wa waliokufa walikuwa wa sinia.

Nililisoma neno hilo ukurasa baada ya ukurasa, na nikaikumbuka makala ambayo nilikuwa nimeifundisha kwa miaka mitatu mfululizo. Mwaka 1987 watafiti Deborah Crouse, Larry Crowder na Hal Caswell walichapisha hesabu zao kuhusu aina nyingine ya kasa, mwenye kichwa kikubwa, katika pwani ya kusini mashariki ya Marekani. Hadi wakati huo juhudi kubwa zilielekezwa ufukweni. Wao walimgawa kasa katika hatua za maisha, yai na mtoto, kasa mchanga aliye mdogo, kasa mchanga aliye mkubwa, hadi jike mzima, wakaiuliza hesabu: tukiboresha uhai wa hatua hii au ile, idadi yote itaelekea wapi? Jibu lilikuwa kwamba hata mayai yote yangenusurika bila kupotea moja, idadi ingeendelea kupungua. Kilichoweza kuigeuza ni kuwapunguzia vifo wale wachanga wakubwa waliokaribia utu uzima. Baada ya hapo, Marekani ililazimisha nyavu za meli za kuvua kamba ziwekewe mlango wa kumtolea kasa.

Ukilifikiri kidogo, halina ajabu. Katika watoto 1,000 wanaokimbilia maji usiku mmoja, huenda akafikia kutaga mmoja. Bahari imezoea kuwapoteza wale 999, na kasa wamekuwa wakitaga mayai mengi kwa ajili hiyo tangu kabla ya mwanadamu. Lakini aliyekwisha kufikia ukubwa wa sinia amekwisha kuwapita ndege, kaa, changu na papa wadogo, amekaa baharini miaka kumi au zaidi, na thamani yake kwa kizazi kijacho ni ya mayai mengi. Akifa huyo katika jarife, uzio wangu wa ufukweni hauwezi kumrudisha. Ninasikitika kusema kwamba makala ile nilikuwa nayo mkononi muda wote, na sikuipeleka Kizingitini. Sababu yake naijua. Ufukweni ni wazi, unafikika kwa miguu, wanafunzi huweza kuja, na mfadhili akitaka picha ya mtoto wa kasa akiingia majini, ipo. Ndani ya bahari kunahitaji chombo cha mtu mwingine na ridhaa yake.

Ridhaa hiyo haikupatikana upesi. Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, kasa ni mnyama anayelindwa na adhabu zake ni nzito, na mvuvi anayemkuta kasa amekufa wavuni hutamani asiwe amemwona. Wengine humfunga jiwe wakamzamisha. Dodoso langu la kwanza liliuliza, "Je, umewahi kunasa kasa?" na karibu wote walijibu la. Ningeweza kuyachapisha majibu yale. Yalikuwa na sura ya takwimu. Niliyatupa. Nilirudi bandarini bila karatasi, nikaketi na watu wakati wa kushona nyavu, nikaanza kuuliza kama nahodha alivyoandika: mwezi huu jarife imechanika mara ngapi, na ni nini kilichoichana? Hapo watu walizungumza. Walinieleza kwa uchungu wa mtu aliyepata hasara, na katika uchungu ule ndimo habari ya kasa ilimokuwa. Niliwaahidi kwamba sitaandika jina la mtu wala la chombo, na ahadi hiyo nimeishika hadi leo, hata pale niliposhinikizwa niivunje.

Habari hizo zilionyesha mpangilio ambao ufukweni nisingeuona kamwe. Wakati wa kaskazi, bahari inapotulia, vyombo hutoka nje ya mwamba na kasa wanaonaswa ni wachache. Kusi ikivuma, mawimbi huwafungia wavuvi ndani, kwenye mikondo na ghuba zilizokingwa na visiwa, na huko ndiko yaliko majani ya bahari ambayo kasa wachanga hula mchana na kulala karibu yake usiku. Jarife hutegwa jioni na kuinuliwa asubuhi. Kasa aliyetulia huweza kukaa chini kwa saa nyingi, lakini anayepambana na wavu humaliza pumzi yake upesi, na aliyenaswa jioni hawezi kuiona asubuhi. Kwa hiyo suala halikuwa jarife peke yake. Lilikuwa jarife, kusi, majani na usiku mzima, vyote kwa pamoja.

Tulijaribu mambo mawili na manahodha waliokubali: kutega kando ya mkondo badala ya juu ya majani, na kuinua wavu mara moja katikati ya usiku. La kwanza lilipokelewa vizuri, kwa kuwa nyavu ziliharibika kidogo. La pili wengi walilikataa, na sababu zao zilikuwa za haki. Mafuta ya safari ya ziada yanalipwa na nani? Nani atamwamsha baharia aliyefanya kazi tangu alfajiri, katika baridi ya kusi, kwa ajili ya mnyama asiyeuzika? Mpango wa usimamizi usiojibu maswali hayo haufai kupelekwa kwa watu. Wenzetu wa Watamu, karibu na Malindi, wameonyesha njia moja: tangu mwaka 1998 shirika la Local Ocean Conservation limekuwa likiitwa na wavuvi wakipata kasa hai wavuni, linamchukua, linampima, linamwekea alama na kumrudisha baharini, na mvuvi hupewa kitu kidogo cha kufidia muda wake. Maelfu ya kasa wamepita katika mikono hiyo, na kila mmoja ni habari kuhusu bahari ya leo.

Kuna nafasi moja iliyopotea ambayo hunijia kila ninapofundisha habari ya kupima athari. Kuanzia mwaka 2011 uvuvi wa usiku ulipigwa marufuku Lamu kwa sababu za usalama, na marufuku hayo yakadumu miaka kadhaa. Familia za wavuvi ziliumia sana, na sisemi kwamba lilikuwa jambo la heri. Lakini kwa mwanaikolojia, hilo lilikuwa jaribio ambalo hakuna chuo chenye uwezo wa kuliandaa: jarife za usiku ziliondolewa majini, eneo zima, kwa miaka. Kama tungekuwa na hesabu ya kasa wachanga kabla na baada yake, leo tungejua kwa hakika vifo vya usiku vina uzito gani. Hatukuwa nayo. Jedwali la viota lilikuwepo, na athari hiyo itaonekana kwenye viota wakati wanafunzi wangu watakapokuwa wazee.

Lipo pia suala la kumbukumbu. Bibi yangu alikuwa akisimulia nyama ya kasa kama sisi tunavyosimulia nyama ya mbuzi ya sikukuu, na sanduku lake la mavazi lilikuwa na kitana cha gamba la ng'amba. Biashara ya gamba hilo katika pwani hii imetajwa tangu ule mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya kwanza, Periplus. Nahodha naye alinieleza jinsi walivyovua kwa chazo alipokuwa mtoto: samaki yule mwenye kinyonyeo kichwani hufungwa uzi penye shina la mkia, akabebwa amejibandika chini ya chombo, na kasa akionekana huachiliwa, huenda moja kwa moja akajibandika gambani, na uzi ukavutwa taratibu. "Uzi ukiuvuta kwa pupa, chazo huachia," alisema, na mikono yake ikawa inavuta uzi usiokuwepo, kidogo kidogo. Nilimuuliza kwa nini waliacha. Alinijibu kwamba kulifika wakati chombo kikawa kinazunguka siku nzima na chazo yuko chini yake bila kazi.

Siku hiyo hiyo kijana wa miaka 20 aliniambia kwamba kasa ni wengi, huwaona kila juma. Wote wawili walisema kweli. Mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly aliandika mwaka 1995 kwamba kila kizazi cha watafiti wa uvuvi huchukua hali waliyoikuta wakianza kazi kuwa ndiyo kipimo cha kawaida, na upungufu uliotangulia husahauliwa. Mimi mwenyewe nilianza jedwali langu kwa mwaka nilioajiriwa, nikauita mwaka wa msingi. Mwezi Oktoba 2025 kasa mla majani aliondolewa katika daraja la walio hatarini kutoweka kwenye orodha ya kimataifa, kwa kuwa idadi yake duniani imepanda baada ya miongo ya ulinzi, na hiyo ni habari ya kufurahisha kweli kweli. Hata hivyo ng'amba bado yuko katika daraja la hatari kubwa kabisa, na hesabu ya dunia nzima haiwezi kumwambia mtu wa Kizingitini ni wangapi walio kati yake na Kiwayu. Katika kikao chochote sasa, kabla ya kuonyesha mchoro, nataja ulianza mwaka gani na wazee wanasema nini kuhusu miaka iliyotangulia.

Bado ninahesabu viota, kwa kuwa mfululizo ukikatika hauungiki. Lakini sehemu kubwa ya kazi imehamia majini, na mabaharia wanne wa Kizingitini na Faza sasa huandika wenyewe. Fomu yao tuliitunga upya kwa mfano wa daftari za nahodha: mwezi mwandamo, upepo, mahali, sahani au sinia au mtu mzima, hai au mfu, matundu mangapi.

Kusi iliyopita nilikuwa chomboni mwa nahodha wakati jarife ilipoinuliwa saa saba za usiku. Alipanda kasa mmoja, amejisokota hadi pezi moja limegeuka jeupe kwa kubanwa, na akalala chini ya miguu yetu bila kutikisika. Mjukuu alikata uzi. Tulimlaza kifudifudi, tukainua sehemu yake ya nyuma kwa ubao ili maji yamtoke mapafuni, tukamfunika kwa kitambaa chenye maji, tukangoja. Nahodha aliwasha tochi, akafungua daftari gotini, akaandika mahali na upepo na ukubwa, kisha akaishika kalamu juu ya ile nafasi ya neno la mwisho bila kuandika kitu. Karibu na alfajiri kasa alikohoa, akainua kichwa, akavuta pumzi kwa sauti iliyosikika chombo kizima. Tulimshusha polepole ubavuni mwa chombo, naye akazama kuelekea upande wa majani. Nahodha aliandika "hai", akageuza daftari upande wangu, akaniambia, "Nakili, mwanangu. Na usisahau matundu, ni mawili."